Maswali ya Wasomaji: Ndoa Inampa Mtu Nini Ambacho Useja Haumpi?

Barua nyingi tulizopokea katika wiki za karibuni zimehusu jambo moja, nalo ni iwapo mtu aliye katika ndoa anamzidi kwa lolote la kweli yule asiyeoa au asiyeolewa. Tumeona ukurasa wa toleo hili uachiwe suala hilo peke yake. Majina ya walioandika tumeyahifadhi kama walivyoomba, na barua zenyewe tumezifupisha.

SWALI: Mshauri mpendwa, mimi ni mwanamke mwenye umri wa miaka 36, sijawahi kuolewa na sina mtoto. Nina kazi ninayoipenda, ninajitegemea, na ninapofunga mlango wangu jioni sioni kuwa nimepungukiwa. Tatizo ni kwamba kila penye shughuli ya ukoo sikosi kuulizwa nangoja nini, na siku hizi maswali hayo yamepata silaha mpya: shangazi zangu wananiambia wataalamu wamethibitisha kuwa walioolewa huishi muda mrefu na wana furaha kuliko sisi. Rafiki yangu, ambaye alitoka katika ndoa yake, anasema kinyume, kwamba wataalamu hao hao wamesema mwanamke asiyeolewa ndiye mwenye furaha. Nani mkweli? Naomba jibu la moja kwa moja, si mahubiri.

JIBU: Dada yangu, shangazi zako hawakukudanganya, ila habari waliyoipata haikuwafikia yote. Dai la kwamba watu wa ndoa huishi muda mrefu zaidi si la jana. Mwaka 1858 daktari na mtakwimu wa Uingereza aitwaye William Farr alichambua takwimu za vifo za Ufaransa, akawagawa watu wazima katika mafungu matatu: walio katika ndoa, wasiowahi kuingia katika ndoa, na waliofiwa na wenzi wao. Alikuta kwamba kwa jumla fungu la kwanza lilikuwa na vifo vichache zaidi, na waliofiwa ndio waliokuwa na hali mbaya kuliko wote. Tangu wakati huo uchunguzi wa aina hiyo umerudiwa katika nchi nyingi, na mara nyingi matokeo yake hufanana na yale ya Farr.

Hata hivyo, hesabu ya namna hiyo ina matundu mawili. La kwanza ni kwamba watu hawaingii katika ndoa kwa bahati nasibu. Mtu mwenye afya njema, kipato cha kueleweka na tabia ya kukaa vizuri na watu ana nafasi kubwa zaidi ya kuposa au kuposwa, na mtu huyo huyo ana nafasi kubwa zaidi ya kuishi miaka mingi, awe amefunga ndoa au hakufunga. Kwa hiyo sehemu ya afya tunayoihesabu kuwa ni tunda la ndoa ilikuwapo kabla ya siku ya harusi. La pili, ambalo mimi naliona kubwa zaidi, ni kwamba mara nyingi wanaohesabiwa kuwa watu wa ndoa ni wale tu ambao bado wamo ndani yake siku wanapoulizwa. Walioingia, wakaumia, wakatoka, huhamishiwa upande wa pili na kuchanganywa na wasiowahi kuolewa, kisha upande huo ukaonekana mgonjwa na mnyonge. Ni sawa na kuisifu dawa kwa kuwauliza waliopona tu, huku waliodhuriwa nayo wakihesabiwa kuwa hawakuinywa.

Kuhusu furaha, ninauamini zaidi uchunguzi unaowafuata watu wale wale kwa muda mrefu kuliko ule unaowauliza mara moja na kuwaacha. Mwaka 2003 Richard Lucas na wenzake walichapisha matokeo ya kufuatilia maisha ya watu zaidi ya 24,000 nchini Ujerumani kwa miaka 15. Waliona kwamba, kwa wastani, furaha ya mtu hupanda kidogo karibu na wakati wa kufunga ndoa, kisha baada ya miaka michache hurudi pale ilipokuwa. Waliona pia kuwa walioingia katika ndoa na kudumu humo walikuwa na furaha kuwazidi wengine hata kabla ya kufunga ndoa. Huo ni wastani tu. Wapo ambao furaha yao ilipanda ikakaa juu, na wapo ambao ilishuka chini ya pale walipoanzia. Rafiki yako naye, anaposema mwanamke asiyeolewa ndiye mwenye furaha, ameyachukua yaliyompata akayafanya kanuni ya wote, jambo ambalo kwa mtu aliyetoka katika ndoa yenye maumivu ninalielewa vizuri.

Tukishayaondoa hayo yote, je, kuna kinachobaki? Kipo, na wenye ndoa wenyewe ni nadra kukihesabu: ndani ya nyumba yumo mtu ambaye ni wajibu wake kukutazama kila siku. Chukua suala la kukoroma. Wapo watu ambao pumzi hukatika mara nyingi wakiwa usingizini na wenyewe hawajui. Asubuhi huamka na kichwa kizito, mchana husinzia kazini, na shinikizo la damu hupanda bila wao kuelewa sababu. Anayelala peke yake anaweza kukaa na hali hiyo miaka na miaka. Anayelala na mwenzake hutikiswa begani usiku wa manane na kuambiwa, "Ulinyamaza ghafla, nikadhani umeacha kupumua," na kesho yake hana raha mpaka aende hospitali. Ndivyo ilivyo kwa doa lililobadilika rangi mgongoni, mahali ambapo mwenyewe hapaoni. Kwa mtu anayeamka mara kwa mara usiku kunywa maji na kwenda haja, dalili ambayo huenda ikawa ya kisukari. Na kwa kikohozi ambacho mwenyewe ameshakizoea hata hakisikii tena.

Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi uliohusu wagonjwa wa saratani zaidi ya 700,000. Walikuta kwamba waliokuwa katika ndoa walikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 17 wa kugundulika ugonjwa ukiwa umeshasambaa mwilini, kwamba walipata matibabu stahiki kwa wingi zaidi, na kwamba uwezekano wao wa kufa kwa saratani hiyo ulikuwa mdogo kwa asilimia 20. Yapo mengi yanayoweza kuchangia tofauti hiyo, yakiwemo yale matundu niliyoyataja, lakini mimi naamini sehemu yake nzuri imo katika swali ambalo kila aliye katika ndoa amewahi kulichukia: "Umeshakwenda kupima, au bado?"

Faida ya pili ni ya fedha, nayo haihitaji maneno mengi. Eurostat, ofisi ya takwimu ya Umoja wa Ulaya, inapolinganisha hali ya kaya za ukubwa tofauti, hutumia kipimo kinachomhesabu mtu mzima wa kwanza kuwa 1 na wa pili kuwa 0.5, kwa sababu paa, taa na jiko vinavyomtosha mmoja huwatosha wawili kwa nyongeza ndogo. Maana yake ni kwamba wawili wanaoishi pamoja wanahitaji mara moja na nusu ya matumizi ya mmoja, si mara mbili, ili waishi kwa kiwango kile kile. Tena mmoja akipoteza kazi au akiugua, kipato cha mwingine huizuia nyumba isianguke siku hiyo hiyo. Ila faida hiyo huletwa na kuishi pamoja kwa ushirikiano wala haimo ndani ya cheti: ndugu wawili wanaoelewana huipata sawasawa, na wanandoa wanaofichana mishahara hawaipati.

Sasa nirudi kwako. Ndoa iliyo hai humpa mtu mpango ambao umeshafungwa: yupo wa kumtazama, wa kumuuguza, wa kugawana naye gharama na wa kuzungumza naye jioni. Mseja hakunyimwa vitu hivyo, lakini hakuna anayemletea; lazima avipange kwa mkono wake, kimoja kimoja, na kuhakikisha kwamba havilegei. Inawezekana. Mwaka 2010 Julianne Holt-Lunstad na wenzake walikusanya tafiti 148 zilizohusisha watu zaidi ya 300,000, wakakuta kwamba wenye uhusiano imara na watu walikuwa na uwezekano mkubwa kwa asilimia 50 wa kuendelea kuishi katika muda wa uchunguzi kuliko wenye uhusiano hafifu. Uhusiano uliohesabiwa haukuwa wa ndoa peke yake, bali pia wa marafiki, ndugu na jamii inayomzunguka mtu.

Kwa hiyo, unapofunga mlango huo jioni, jiulize hivi: ukipandwa na homa kali usiku wa leo, nani atajua kabla ya keshokutwa? Ukiwa na jina la kutaja papo hapo, na mwenye jina hilo ana ufunguo wa akiba na anazijua dawa zinazokudhuru, basi hoja ya afya shangazi zako hawanayo tena. Usipokuwa nalo, litafute jina hilo kabla ya kutafuta mume. Weka tarehe za kupima afya katika kalenda kwa kuwa hakuna wa kukukumbusha, andika wosia mapema, na yule uliyemwandika kazini kuwa ndiye wa kuarifiwa wakati wa dharura awe anajua kwamba ameandikwa; utashangaa wangapi hawajui. Ukitaka kuolewa, olewa kwa sababu umempata mtu ambaye ungependa akutazame kila siku nawe umtazame. Hakuna mwanamke anayeolewa na wastani wa takwimu. Anaolewa na mtu mmoja mwenye tabia zake.

SWALI: Ndugu mshauri, nina umri wa miaka 41 na nimo katika ndoa kwa mwaka wa 11. Sijawahi kumpiga mke wangu wala yeye hajawahi kunitupia kitu, lakini tunaishi kwa kejeli na kununiana, na siku tukizungumza vizuri basi ni kuhusu ada na bili. Rafiki yangu kapera hulala na kuamka atakapo, hamwombi mtu ruhusa, na hakuna anayemkunjia uso akirudi nyumbani. Nitajie faida moja ninayoipata mimi ambayo yeye haipati.

JIBU: Kaka, kwa jinsi ulivyoieleza nyumba yako, huenda ni yeye anayekuzidi. Holt-Lunstad huyo niliyemtaja hapo juu alichapisha na wenzake, mwaka 2008, matokeo ya kupima shinikizo la damu la watu 204 waliokuwa katika ndoa na 99 wasiokuwa katika ndoa, kwa kifaa kilichovaliwa mwilini saa 24. Walioridhika na ndoa zao walikuwa na shinikizo la chini kuliko wasiokuwa na ndoa. Wasiokuwa na ndoa nao walikuwa na shinikizo la chini kuliko wale ambao ndoa zao haziwaridhishi. Ukiuliza kati ya aliyeoa na kapera nani ana nafuu, jibu linategemea ni aliyeoa yupi.

Usidhani kejeli ni maneno yanayopita na upepo. Mwaka 2005 Janice Kiecolt-Glaser na wenzake, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, waliwaita wanandoa jozi 42 na kuwatia malengelenge madogo mkononi kwa utaratibu wa kitabibu, kisha wakawataka wazungumze kwa kutiana moyo na, siku nyingine, wazungumzie mambo wanayogombana. Wale waliokuwa na uhasama mwingi katika mazungumzo yao, vidonda vyao vilipona kwa kasi ya asilimia 60 tu ya kasi ya wenzao waliozungumza kwa upole. Maneno unayomrushia mkeo ukiwa umeshika kitasa cha mlango, na anayokujibu akiwa amekupa mgongo, yanafika hadi kwenye ngozi zenu.

Upande wa pili wa sarafu hiyo ndio unaonifanya nisikushauri kuondoka. James Coan wa Chuo Kikuu cha Virginia, nchini Marekani, na wenzake walichapisha mwaka 2006 jaribio walilowafanyia wanawake 16 wenye ndoa. Kila mmoja alilazwa ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, akaonywa kwamba huenda akapigwa shoti ndogo ya umeme mguuni, na wakati huo alishikwa mkono na mumewe, au na mtu asiyemjua, au hakushikwa na mtu yeyote. Aliyeshikwa na mumewe ubongo wake ulionyesha hofu ndogo zaidi, na kadiri ndoa ilivyokuwa njema ndivyo utulivu ulivyozidi. Hata mkono wa mgeni ulisaidia, lakini kidogo. Hiyo ndiyo faida uliyoniuliza, kaka: kuwa na mkono ambao mwili wako umeshauzoea. Unao ndani ya nyumba na huutumii.

Umenieleza uhuru wa rafiki yako, lakini waliotangulia walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hujaniambia jioni zake za Jumapili zinakuwaje, wala nani aliyemtunza alipougua mara ya mwisho. Sina nia ya kumwonea huruma. Yawezekana ana marafiki wa kweli na anaishi vizuri kuliko sisi sote. Ninachosema ni kwamba unaulinganisha undani wa nyumba yako na baraza la nyumba yake.

Kabla ya kuzungumzia mapenzi, hesabu kazi za nyumbani. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2018 kwamba wanawake hufanya asilimia 76.2 ya saa zote za kazi za matunzo zisizolipwa, yaani zaidi ya mara 3 ya wanaume. Faida za ndoa hazigawanyiki sawa kati ya mume na mke, na mke ambaye anafika usiku amechoka mpaka mifupani anaweza kuonekana amenuna kumbe hana nguvu za kufungua kinywa. Katika nyumba yenu, ni nani anayejua kwamba dawa ya mtoto imebaki kijiko kimoja, kwamba sare imechanika, kwamba mtungi wa gesi unakaribia kuisha? Kama jibu la yote matatu ni yeye, chukua mojawapo liwe lako moja kwa moja, bila kungoja kuagizwa na bila kutangaza. Kusema "niambie nikusaidie" hakupunguzi mzigo, kwa sababu kukumbuka na kuagiza ndiyo nusu ya kazi.

Kisha kuna jambo ambalo Robert Levenson na John Gottman, walioanza kuwarekodi wanandoa wakibishana ndani ya maabara, waliliona kwa miaka mingi: katika ndoa zinazodumu kwa furaha, hata katikati ya ubishi, mema huwa takriban mara 5 ya mabaya. Mema hayo si zawadi. Ni kutikisa kichwa kuonyesha kuwa unamsikia mwenzako, mzaha usiochoma, kukiri kwamba hoja yake ina uzito. Wewe na mkeo mnabishana kuhusu ada. Endeleeni kubishana kuhusu ada, ila acheni kubishana kuhusu akili ya mwenzako. Mkijaribu kwa miezi kadhaa bila nafuu, nendeni pamoja kwa mshauri wa ndoa au mtu mzima mnayemheshimu nyote wawili, si anayeheshimiwa na upande mmoja.

Niongeze kwa wasomaji wengine kwamba ushauri huu ni wa ndoa iliyopoa. Penye kipigo au vitisho, hoja ya faida za ndoa haina nafasi, na linalotangulia ni usalama wa anayepigwa na wa watoto.

SWALI: Je, ni kweli kwamba asiyetaka kuoa au kuolewa ni mbinafsi anayeishi kwa ajili ya nafsi yake tu?

JIBU: La. Wanasosholojia Natalia Sarkisian na Naomi Gerstel, walipochunguza suala hilo nchini Marekani, walikuta kinyume chake: wasio na ndoa huwasiliana zaidi na wazazi, ndugu, marafiki na majirani, na huwasaidia zaidi kuliko wenye ndoa. Tazama katika ukoo wowote mzazi anapozeeka na kuhitaji mtu wa kukaa naye, macho yote humgeukia nani? Humgeukia yule asiye na mume au mke, kwa hoja kwamba "yeye hana majukumu", na akishaubeba mzigo huo miaka kumi anaambiwa tena kuwa ni mbinafsi kwa sababu hakuolewa. Hata Mtume Paulo, alipowaandikia Wakorintho, alijenga hoja kwamba asiye na mke anaweza kuitoa nafsi yake kwa kazi ya Mungu bila kugawanyika. Wabinafsi wapo, na wanapatikana pande zote mbili.

SWALI: Nina miaka 22 na mchumba wangu ana miaka 20. Pesa zangu hazikai mfukoni hata wiki, na wakubwa wananiambia nikioa nitatulia na nitajenga. Nioe sasa?

JIBU: Mdogo wangu, hao wakubwa wana chembe ya ukweli. Mtafiti Jay Zagorsky alichapisha mwaka 2005 uchunguzi wa vijana wa Marekani waliofuatiliwa kwa miaka mingi, ambao ulionyesha kwamba waliooana na kudumu pamoja walikuwa na mali, kwa kila kichwa, zaidi ya wasio na ndoa kwa asilimia 77. Uchunguzi huo huo ulionyesha pia kwamba kwa wale waliokuja kuachana, mali ilianza kuporomoka takriban miaka 4 kabla ya talaka yenyewe. Ndoa huongeza kasi ya mwelekeo uliopo. Mtu mwenye nidhamu akipata mwenzake mwenye nidhamu watajenga. Mwenye mkono uliotoboka akioa, atakuwa na mkono uliotoboka na mke. Na yule William Farr wa mwaka 1858, aliyewaona wenye ndoa wakiishi zaidi, aliona vilevile kwamba waliooana kabla ya kufika miaka 20 walikuwa na vifo vingi kuliko wenzao wa rika lao wasiokuwa na ndoa. Nyinyi mmeuvuka umri huo, lakini haraka haijawasaidia watu popote. Weka akiba kwa miezi 12 ukiwa kapera, mchumba wako naye afanye hivyo, kisha wekeni madaftari yenu mezani. Mtakayoyaona humo yatawajibu kuliko mimi.

SWALI: Mimi ni mgane mwenye miaka 67. Mke wangu alifariki miaka mitatu iliyopita baada ya kuishi naye miaka 38. Watoto wote wana nyumba zao. Yupo mama mmoja mjane ambaye tumezoeana, na nafikiria kuoa tena, lakini watoto wangu hawataki kulisikia jambo hilo. Je, kwa umri wangu ndoa bado ina faida, au nibaki nilivyo?

JIBU: Shikamoo, mzee wangu, na pole kwa msiba ambao najua miaka mitatu haijaumaliza. Mwaka 1967 madaktari Thomas Holmes na Richard Rahe walitunga kipimo cha uzito wa mabadiliko ya maisha, na juu kabisa, kwa alama 100, waliweka kifo cha mwenzi. Kufunga ndoa kwenyewe kulipewa alama 50, kwa maana kwamba hata mabadiliko ya furaha humtaka mtu ajipange upya. Lucas na wenzake, niliowataja katika jibu la kwanza kwa uchunguzi wao wa Ujerumani, nao waliona kwamba waliofiwa huchukua miaka kadhaa, wala si miezi, kuikaribia hali yao ya zamani. Kwa hiyo ukijiona bado unamwita marehemu kwa jina unapoamka, hakuna ubaya wowote ndani yake.

Kwa umri wako faida ipo, pengine kubwa kuliko ya kijana, kwa sababu zile dalili za mwili zinazohitaji jicho la pili sasa ndizo zinazoongezeka. Lakini kuna jambo la kulitenganisha kwanza. Wanaume wengi wa rika lako walikuwa na wake walioshika nyuzi zote za uhusiano: aliyejua nani mgonjwa, nani kajifungua, na nani hajapigiwa simu siku nyingi alikuwa ni mke. Anapoondoka, mume hupoteza mwenzi na pia mlango wa kuwafikia watu. Mwaka 2004 Deborah Carr wa Marekani alionyesha kwamba kati ya waliofiwa, wanaume wenye marafiki wachache wa kuwategemea walikuwa na hamu ya kupata mwenzi mpya kuwazidi wanawake, ila wale wenye marafiki wa karibu hawakuwa na hamu kubwa kuliko wanawake hao. Naomba basi uanze na marafiki. Wapigie simu mwenyewe wale wazee wenzako, na watoto wako wawili watatu wapigie kabla hawajakupigia. Baada ya miezi michache ya kufanya hivyo, tazama kama bado unamtaka mama huyo mwenyewe, au ulikuwa unataka nyumba isiyo kimya. Ukimtaka yeye, oa.

Kuhusu watoto, mara nyingi wanaposema "ni heshima ya mama yetu", nyuma ya maneno hayo, pamoja na huzuni ya kweli, imo hofu ya mirathi. Andika wosia kwa mwanasheria kabla ya posa, ueleze wazi kilicho chao na kitakachokuwa cha mkeo mpya, kisha waite uwasomee. Wapo watakaonyamaza siku hiyo hiyo, na wale watakaoendelea kulia utajua wanamlilia mama yao kweli, nao wanahitaji muda na upole wako.

Mama huyo naye umweleze bila kuficha dawa unazotumia na madeni uliyo nayo, kama yapo. Huenda ameshamuuguza mume mmoja hadi mwisho na hataki kuanza tena. Huenda anapenda mkae pamoja mchana na kila mmoja alale kwake. Muulize ni kitu gani katika maisha yake ya sasa asingependa kukipoteza, na jibu lake lolote ulipokee bila kununa. Maswali mengine uliyotuandikia kuhusu hati ya nyumba na ndoa ya pili tumeyapeleka kwa mwanasheria wetu, naye atayajibu katika toleo lijalo.